Mwongozo kamili: Kuperuzi mtandao kwenye Linux kwa anayeanza

Anayehamia Linux huja na mazoea yake. Anatafuta tovuti ya kivinjari, anapakua faili, analibofya mara mbili, kisha anasubiri dirisha la kusakinisha ambalo haliji. Akijaribu njia nyingine anaambiwa hana ruhusa. Akipata ruhusa, kurasa zinagoma kufunguka kwa madai kwamba vyeti vimekwisha muda. Hapo Linux inalaumiwa.

Kivinjari chenyewe mara nyingi hakina kosa. Kosa liko kwenye mambo yaliyorukwa kabla yake: mtandao, saa, mahali pa kuchukua programu, na akaunti unayotumia kuiendesha. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na usivuke hatua kabla hujaona dalili kwamba imefaulu. Mfano wangu mkuu ni Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Palipo na tofauti kwa Ubuntu na Fedora nitasema.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kompyuta ambayo Linux imeshasakinishwa na inawaka hadi kwenye madirisha. Kama yako inaishia kwenye maandishi matupu, fanya hatua ya 1 hadi ya 4, kisha nenda sehemu ya mwisho.
- Mtandao wa Wi-Fi au waya. Weka karibu simu ya Android na waya wake wa USB: ukiiruhusu simu kugawa mtandao kwa USB, Linux kwa kawaida huiona kama kadi ya waya bila kuhitaji chochote cha ziada.
- Nenosiri la akaunti yako, na la root (akaunti ya msimamizi yenye mamlaka yote) kama uliliweka wakati wa kusakinisha.
- Nafasi ya diski, angalau gigabaiti 2. Amri `df -h /` itakuonyesha iliyobaki.
- Terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Itafute kwenye menyu ya programu kwa jina Terminal au Konsole.

Mambo mawili kuhusu terminali, maana hukwamisha watu kabla hata hawajaanza. Unapoandika nenosiri, mara nyingi hutaona hata nyota moja. Andika tu, ubonyeze Enter. Na kubandika maandishi ni Ctrl+Shift+V, si Ctrl+V. Ctrl+C humo haikopi kitu, inaikatiza amri inayoendelea.

## Hatua ya 1: Jua Linux yako ni ipi

    cat /etc/os-release
    uname -m

Amri ya kwanza inataja jina na toleo la mfumo wako. Ya pili inataja aina ya prosesa: `x86_64` ni kompyuta nyingi za leo, `aarch64` ni zile za ARM, na `i686` ni za zamani za biti 32.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba maelekezo ya Fedora hayafanyi kazi Debian, na jina la kifurushi hubadilika kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Ukiona `i686`, jua mapema kwamba chaguo ni chache: Google Chrome iliacha kuhudumia Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Debian 13, iliyotoka mwaka 2025, haitoi tena mfumo kamili wa kusakinisha kwenye mashine za aina hiyo.

## Hatua ya 2: Thibitisha kwamba mtandao upo kweli

Alama ya Wi-Fi kwenye kona ya skrini inasema tu kwamba umeshika mawimbi ya kifaa kilicho karibu nawe. Haisemi kama kifaa hicho kina mtandao. Pima hivi:

    ping -c 4 1.1.1.1
    ping -c 4 debian.org

Majibu yanasomwa kwa pamoja.

Zote mbili zimejibu. Utaona mistari yenye `time=` na mwishoni `0% packet loss`. Nenda hatua ya 3.

Ya kwanza imejibu, ya pili imegoma. Mtandao upo, ila kompyuta haijui kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Hii ni shida ya DNS. Tafuta kwanza jina la muunganisho wako, halafu uupe seva za DNS unazozitaka:

    nmcli connection show
    nmcli connection modify "JINA" ipv4.dns "1.1.1.1 9.9.9.9"
    nmcli connection modify "JINA" ipv4.ignore-auto-dns yes
    nmcli connection up "JINA"

Wengi watakuelekeza uhariri `/etc/resolv.conf` kwa mkono. Itafanya kazi, kisha ukiwasha kompyuta kesho utakuta NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, imeliandika upya faili hilo na kazi yako imefutika. Usijisumbue.

Zote mbili zimegoma. Tazama kama Wi-Fi haijazimwa (`sudo` huendesha amri kwa mamlaka ya root; ukikataliwa, soma sehemu ya Ikigoma hapa kwenye hatua ya 4):

    sudo rfkill list

Ukiona `Soft blocked: yes`, andika `sudo rfkill unblock wifi`. Ukiona `Hard blocked: yes`, hakuna amri itakayokusaidia, tafuta swichi au kitufe cha Wi-Fi kwenye mashine yenyewe. Kisha:

    nmcli device wifi list
    nmcli device wifi connect "JINA LA WI-FI" --ask

Orodha ikitoka tupu wakati simu yako inaona mitandao kibao, kadi ya Wi-Fi huenda inakosa programu ndogo ya kuiendesha. Hii ilikuwa kero kubwa ya Debian kabla ya toleo la 12 la mwaka 2023, ambalo lilianza kuweka programu hizo ndani ya diski rasmi ya kusakinisha. Tumia simu kwa USB upate mtandao wa muda, sasisha mfumo wako, halafu uwashe upya.

Kuna hali moja inayodanganya. Kwenye mitandao ya maeneo ya umma, unaunganishwa vizuri lakini kila ukurasa unagoma hadi uingie kwenye ukurasa wao wa kujisajili. Ukurasa huo hauwezi kujichomeka kwenye tovuti ya `https`, ndiyo maana unaona makosa tu. Fungua `http://neverssl.com`, tovuti isiyotumia usimbaji kwa makusudi, na ukurasa wa kujisajili utajitokeza. Watumiaji wengine wa mitandao hii huona ping imezuiwa huku kurasa zikifunguka, kwa hiyo hapo usiiamini ping peke yake.

## Hatua ya 3: Tazama saa na tarehe

    timedatectl

Watu huiruka hatua hii kwa sababu haionekani kuhusika na mtandao. Inahusika sana. Kila tovuti ya `https` ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta yako. Kompyuta inayoamini tuko mwaka 2016 itavikataa vyeti vyote vya leo, ikisema bado havijaanza kutumika. Ujumbe wenyewe ni kama `MOZILLA_PKIX_ERROR_NOT_YET_VALID_CERTIFICATE` kwenye Firefox au `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID` kwenye Chrome.

Rekebisha kwa:

    sudo timedatectl set-ntp true

Subiri dakika moja uangalie tena. Ukiona `System clock synchronized: yes` na tarehe ya leo, umefaulu.

Saa ikirudi nyuma kila unapozima kompyuta, betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu imekufa. Na kama una Windows kwenye mashine hiyo hiyo, tofauti ya saa chache ni kawaida: Windows huiweka saa ya mashine kwa saa za mahali ulipo, Linux huiweka kwa saa za dunia. Tofauti hiyo inaudhi ila ni nadra kuvunja vyeti. Mwaka uliokosewa ndio unaovunja.

Onyo: usibonyeze kitufe cha kukubali hatari ili ukurasa ufunguke. Ukizoea kufanya hivyo kwa sababu ya saa, utafanya hivyo siku ambayo kuna mtu kweli anayechungulia mawasiliano yako.

## Hatua ya 4: Chukua kivinjari kwenye ghala la mfumo wako

Hapa ndipo mazoea ya zamani yanapoponza. Kila mfumo wa Linux una ghala lake la programu zilizokaguliwa, pamoja na chombo cha kuzichukua, ambacho kwenye Debian na Ubuntu kinaitwa apt. Ukichukua kivinjari humo, kinakuja na kila kinachokitegemea, kinaingia kwenye menyu, na kitasasishwa pamoja na mfumo mzima. Ukikipakua kutoka tovuti kama faili lililobanwa, kazi zote hizo zinakuwa zako.

Kwanza angalia kama tayari unacho. Mifumo mingi yenye madirisha huja na Firefox. Kama hakipo:

Debian:

    sudo apt update
    sudo apt install firefox-esr

Ubuntu:

    sudo apt update
    sudo apt install firefox

Fedora:

    sudo dnf install firefox

Arch ni `sudo pacman -Syu firefox`, na openSUSE ni `sudo zypper install MozillaFirefox`.

Angalia jina la Debian: ni `firefox-esr`, si `firefox`. ESR ni toleo la muda mrefu. Sura na vipengele vyake hubadilika takriban mara moja kwa mwaka, ila marekebisho ya usalama yanaendelea kuja kila baada ya wiki chache. Kwa anayeanza ni chaguo zuri. Ukiandika `firefox` kwenye Debian ya kawaida, apt itakujibu kwamba kifurushi hakipo, na wewe utadhani mtandao umekatika.

Ubuntu nayo ina lake. Tangu toleo la 22.04, ile `apt install firefox` haileti kifurushi cha kawaida, inaleta cha aina ya snap. Kinafanya kazi vizuri, lakini kinaishi ndani ya uzio wake, na uzio huo utauona kwenye hatua ya 8.

### Ikigoma hapa

`is not in the sudoers file`. Hii ni ya Debian. Ukiweka nenosiri la root wakati wa kusakinisha, Debian haikupi mamlaka ya sudo. Fanya hivi:

    su -
    apt install sudo
    usermod -aG sudo jinalako

Kile kistari baada ya `su` usikiache. Bila kistari utakuwa root, lakini utaambiwa `usermod: command not found`, na utaanza kutafuta tatizo lisilokuwepo. Baadaye toka kabisa kwenye akaunti yako na uingie upya. Kufunga terminali hakutoshi.

`please insert the disc labeled`. Apt inaitaka ile diski uliyosakinishia. Fungua orodha ya maghala kwa `sudo nano /etc/apt/sources.list`, weka alama ya `#` mwanzoni mwa mstari unaoanza na `deb cdrom:`, hifadhi kwa Ctrl+O kisha Enter, toka kwa Ctrl+X, na urudie `sudo apt update`.

`Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`. Programu nyingine inasakinisha kitu sasa hivi, mara nyingi ni usasishaji wa kujiendesha. Subiri imalize. Utakutana na ushauri wa kulifuta faili hilo la kufuli. Ukilifuta katikati ya usakinishaji, unaweza kuacha vifurushi nusu nusu, na kuvitengeneza ni kazi kubwa kuliko kungoja dakika tano.

### Kama unataka Google Chrome

Haimo kwenye ghala la Debian. Pakua faili la `.deb` kutoka tovuti ya Google, kisha:

    cd ~/Downloads
    sudo apt install ./google-chrome-stable_current_amd64.deb

Ile `./` ni lazima. Bila hiyo apt itatafuta ghalani badala ya kwenye folda. Mwishoni unaweza kuona onyo lenye maneno `unsandboxed as root` na jina `_apt`. Halina madhara. Kifurushi hiki huongeza ghala la Google kwenye orodha yako, kwa hiyo masasisho yatakuja kwa apt kama ya programu nyingine.

Kuhusu amri za aina ya `curl ... | sudo bash` zinazoahidi kukuwekea kivinjari kwa mstari mmoja: zipite. Unampa mtu usiyemjua mamlaka yote ya kompyuta yako kabla hujasoma alichoandika.

## Hatua ya 5: Kifungue kama mtumiaji wa kawaida

Kifungue kutoka kwenye menyu. Usiandike `sudo firefox`, hata kama kimegoma kufunguka. Kivinjari kinaendesha msimbo wa kila tovuti unayoingia. Kikiwa na mamlaka ya root, tundu moja ndani yake ni tundu la mfumo wote. Chrome na Firefox zenyewe hulalamika: Chrome husema `Running as root without --no-sandbox is not supported`. Huo ujumbe si mwaliko wa kuongeza `--no-sandbox`, ambayo huondoa uzio wa usalama wa kivinjari.

Mara ya kwanza kifungue kupitia terminali kwa `firefox-esr`, ili kama kuna kosa ulisome. Likija dirisha linalosema `Your Firefox profile cannot be loaded`, mara nyingi folda ya mipangilio yako imegeuka mali ya root kwa sababu ya sudo ya huko nyuma. Tazama:

    ls -ld ~/.mozilla ~/.cache/mozilla

Ukiona neno `root` mahali pa jina lako:

    sudo chown -R "$USER": ~/.mozilla ~/.cache/mozilla

Likija la `Firefox is already running, but is not responding`, kuna nakala iliyoganda nyuma ya pazia. Iondoe kwa `pkill firefox`, uhesabu sekunde kumi, ufungue tena.

Umefaulu ukiweza kubonyeza Ctrl+L, kuandika `debian.org`, na ukurasa ukafunguka na alama ya kufuli kando ya anwani, bila onyo lolote.

## Hatua ya 6: Kifanye kiwe kivinjari kikuu

    xdg-settings set default-web-browser firefox-esr.desktop
    xdg-open https://www.debian.org

Amri ya pili ni ya kujaribia: ukurasa ukifunguka kwenye kivinjari ulichokichagua, viungo vya barua pepe na vya programu nyingine navyo vitafunguka humo.

## Hatua ya 7: Video, sauti na herufi

"Video za tovuti moja zinacheza, za tovuti nyingine hazichezi." Malalamiko haya yana maelezo. Video husimbwa kwa njia mbalimbali. VP9 na AV1 ni huru, na vivinjari vikuu vya Linux vinazicheza. YouTube inazitumia, ndiyo maana inafanya kazi mapema. H.264 ina hataza, na baadhi ya mifumo, Fedora ikiwemo, haiweki kisimbuzi chake kamili kwenye maghala yake. Firefox kwenye Linux huazima kisimbuzi hicho kutoka kwa maktaba za ffmpeg zilizo kwenye mfumo.

Debian na Ubuntu:

    sudo apt install ffmpeg

Fedora inahitaji ghala la RPM Fusion kwanza:

    sudo dnf install https://mirrors.rpmfusion.org/free/fedora/rpmfusion-free-release-$(rpm -E %fedora).noarch.rpm
    sudo dnf swap ffmpeg-free ffmpeg --allowerasing

Funga kivinjari kabisa, kifungue upya, ujaribu ile video iliyogoma.

Tovuti za filamu za kulipia ni jambo jingine. Zinadai Widevine, kipande cha programu cha kulinda hakimiliki. Firefox kwenye `x86_64` itakuuliza kama unakubali kiwekwe. Ukikubali inakipakua yenyewe. Chrome inakuja nacho. Chromium ya Debian haina, na usipoteze jioni nzima ukiilazimisha.

Picha inatembea lakini sauti hakuna? Sakinisha `pavucontrol`, ifungue huku video ikicheza, utazame kwenye kichupo cha Playback sauti inaelekezwa wapi. Skrini iliyounganishwa kwa HDMI hupenda kuinyakua hata kama haina spika.

Ukiona vijiboksi mahali pa herufi au vikaragosi, mfumo hauna fonti zake:

    sudo apt install fonts-noto fonts-noto-color-emoji

## Hatua ya 8: Unachopakua kinaenda wapi

Kinaenda kwenye folda ya `Downloads` iliyo ndani ya folda yako ya nyumbani. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo `Ripoti.pdf` na `ripoti.pdf` ni mafaili mawili. Jina lenye nafasi liweke ndani ya alama za kunukuu unapolitaja kwenye terminali.

Mafaili ya `.exe` ni ya Windows, yaache. Yaliyobanwa yafungue kwa `tar xf jina.tar.xz` au `unzip jina.zip`. Ukiambiwa na tovuti uandike `chmod +x` kisha uendeshe ulichopakua, jiulize kwanza kama programu hiyo haimo ghalani. Nyingi zimo.

Na ule uzio wa snap niliouahidi: Firefox ya Ubuntu haiwezi kusoma mafaili yaliyofichwa, yale yanayoanza na nukta, kwenye folda yako ya nyumbani, wala haioni `/tmp` ile unayoiona wewe. Ukiifungulia faili la `/tmp` itasema halipo, ilhali unalitazama. Lihamishie `Downloads` na litafunguka. Kwa sababu hiyo hiyo, mipangilio yake haiko `~/.mozilla` bali ndani ya `~/snap/firefox`. Kumbuka hilo unapohifadhi nakala ya alamisho zako.

## Hatua ya 9: Kisasishe

Usitafute kitufe cha kusasisha ndani ya kivinjari kilichotoka ghalani. Kazi hiyo ni ya mfumo.

    sudo apt update && sudo apt upgrade

Fedora ni `sudo dnf upgrade`. Snap hujisasisha yenyewe, lakini haiwezi kumaliza kazi huku dirisha limefunguliwa. Ukiona tangazo la `Pending update`, funga Firefox kisha andika `sudo snap refresh firefox`. Kwenye Debian, ukisasisha huku unaperuzi, kichupo kipya kinaweza kukuambia uanzishe upya ndipo uendelee. Hakijaharibika. Kubali, na vichupo vyako vitarudi.

Fanya hivi angalau kila wiki. Kivinjari ndicho mlango unaopitiwa na wageni wengi kuliko programu yoyote nyingine kwenye mashine.

## Kama madirisha hayapo kabisa

Unaweza kuperuzi ndani ya terminali, na ni ujuzi wa kuokoa siku mfumo wa madirisha utakapogoma na ukahitaji kusoma maelekezo ya kuurekebisha.

    sudo apt install lynx
    lynx https://www.debian.org

Mshale wa chini na wa juu unakupeleka kiungo hadi kiungo, wa kulia unakifungua, wa kushoto unakurudisha. `g` ni ya kuandika anwani mpya, `/` ya kutafuta neno kwenye ukurasa, `d` ya kupakua kiungo ulichosimama juu yake, na `q` ya kutoka.

Lynx haiendeshi JavaScript, kwa hiyo huduma za benki na mitandao ya kijamii zisahau humo. Kurasa za maelezo, kama za Debian zenyewe, zinasomeka bila shida. Ukikuta ukurasa mtupu, hujakosea kitu. Tovuti hiyo haina maandishi ya kutoa hadi JavaScript iendeshwe, na itabidi usubiri madirisha yarudi.